Majivu au Dawa

Kila Jumamosi asubuhi Mutheu alitoa redio jikoni, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, na vita vya boma lile vikaanza upya. Havikuwa vita vya mapanga. Upande mmoja alisimama Mutheu, mama wa Mumo na wenzake, watoto waliokwisha kujitegemea, ambaye aliamini karibu kila neno lililotoka redioni. Upande wa pili aliketi mama mkwe wake, Wavinya, aliyeamini kwamba redio iliumbwa ili watu wasisikie kuku wakiingia shambani.

Kipindi kiliitwa Jembe Letu. Mtangazaji wake, Musili, alikuwa na sauti ya mtu aliyeshiba, na hakuna mmea uliomshinda. Akimaliza kufundisha, aliwafungulia wasikilizaji simu waseme walichojaribu nyumbani. Wapo waliomshukuru, na wapo waliomwambia wazi kwamba amewatia hasara. Wavinya aliwapenda hawa wa pili.

"Huyo ako na akili," alisema kila mmoja alipolalamika. "Umesikia, Mutheu? Mwambie huyo Musili akuje Katangi, apande hapa kwa changarawe, ndio anifunze."

Jirani yao Nzomo alikuja kusikiliza akiwa na kiti chake mwenyewe. Alikuwa mjane aliyestaafu kazi ya kutunza kanisa, na bustani yake ilitenganishwa na yao kwa ua wa miiba tu. Nzomo hakuwa na upande. Alikubaliana na yeyote aliyeshika birika la chai.

Na ukweli usemwe: Mutheu hakuwa mjinga, wala Wavinya hakuwa mkaidi wa bure. Redio ndiyo iliyomfundisha Mutheu kuchimba mashimo mapana na kuyajaza samadi, na sukuma wiki zake zikabaki kijani mwezi ambao za jirani zilikauka zikawa kama tumbaku. Lakini redio hiyo hiyo ilimwambia asipande mpaka mvua ikolee. Akangoja. Wavinya hakungoja. Alipanda kunde zake kwenye vumbi, kama mama yake alivyopanda, mbegu zikalala udongoni kusubiri tone la kwanza. Mvua ilikuja, ikakaa kidogo, ikaenda zake. Kunde za Wavinya zilikuwa zimeshatoa maua. Za Mutheu zilinyauka zikiwa na majani manne manne, na mwaka ule walikula jasho la bibi kizee.

"Redio haijawahi kulala njaa," Wavinya alimwambia, na hakulirudia. Hakuhitaji kulirudia.

Kunde zenyewe zilikuwa nyekundu iliyoiva, zenye jicho jeusi. Wavinya alikuja nazo kutoka kwao Kangundo alipoolewa, akiwa msichana, amezifunga kwenye ncha ya leso. Huku kwenye ukame watu walimcheka wakasema mbegu ya milimani itakufa. Haikufa. Ilizoea, kama yeye mwenyewe alivyozoea. Alizihifadhi kwenye kitete, kibuyu chenye shingo nyembamba kilichoning'inia juu ya meko, akazichanganya na majivu yaliyochekechwa, akaziba mdomo kwa gunzi la mahindi. Mbegu ya kitete haikuguswa ovyo. Ililiwa mwaka wa njaa tu, tena baada ya mwenye nyumba kusema, na ilioshwa maji matatu: ya kwanza yatoe majivu, ya pili yatoe moshi, ya tatu yaombe radhi. Wavinya aliikumbuka njaa moja ya utoto wake, mama yake akiosha mbegu huku analia.

Mwaka jana majivu yalishindwa. Walipofungua kitete kabla ya mvua za Oktoba, walikuta fukusi wameingia. Zaidi ya nusu ya kunde zilikuwa maganda matupu yenye matundu, na unga wake ukapeperuka Wavinya alipopepeta. Bibi kizee aliketi chini, akaokota zilizopona mojamoja. Macho yake hayakuona vizuri tena, kwa hiyo alizipima kwa vidole, iliyo nzima huku, yenye tundu kule. Mutheu alimtazama, akamshikia ungo. Waligombana kila Jumamosi, lakini alimpenda mwanamke yule. Alikuwa ameishi naye miaka mingi kuliko aliyoishi na mama yake mzazi, na miaka mingi kuliko aliyoishi na Mutuku mumewe, kwa kuwa Mutuku alikuwa mlinzi huko Mavoko na nyumbani alionekana mwisho wa mwezi, tena si kila mwezi.

Basi Februari, walipovuna kidogo walichojaliwa, Musili akazungumzia fukusi. Alisema majivu yana wakati wake na wakati huo umepita. Kuna dawa ya unga ya kuchanganya na mbegu ya kupanda. Inunuliwe dukani, kwenye pakiti iliyofungwa. Anayechanganya avae glavu, aweke mbegu kwenye chombo chake peke yake, aandike juu yake kwamba si chakula. Kisha akatangaza shindano: majirani wawili wajaribu, huyu aweke majivu, yule aweke dawa, na mvua za vuli zikishaotesha watu wapige simu kusema nani ameshinda.

"Majivu mimi," Nzomo alisema papo hapo, maana chai siku hiyo ilikuwa mikononi mwa Wavinya. "Mama Mumo, wewe uweke dawa. Tuone."

"Kwa kitete yangu?" Wavinya aliuliza.

"Mwaitu, mama, uliona vile wadudu walifanya," Mutheu alisema. "Wakikuja tena, hii mbegu imeisha. Hakuna pahali ingine inapatikana."

"Sumu haitalala kwa kitete ya mama yangu. Ukitaka kuweka sumu, weka kwa redio."

Nzomo alicheka peke yake. Wavinya aliinuka akaenda kulala mchana kweupe, na kwa siku kadhaa alikula uji wake akimpa mkaza mwanawe mgongo. Mutheu alijaribu kumbembeleza, akashindwa.

Siku ya soko Mutheu alikwenda Katangi mjini. Duka la dawa za mifugo na mimea lilikuwa limefungwa, mwenyewe amekwenda mazishini. Nje ya soko alikuwepo mwanamume aliyetandaza gunia chini ya mwavuli, akiuza sumu ya panya, dawa ya kupe na unga wa kijivu aliouchota kwa kijiko.

"Hii ndio ile ya redio?" Mutheu aliuliza.

"Hiyo hiyo, mama. Tena hii ni kali kuliko ya duka."

Akamfungia kwenye kipande cha gazeti. Hakukuwa na jina, hakukuwa na maandishi yoyote ila habari za mpira za wiki iliyopita.

Jumapili Wavinya alipokwenda kanisani, Mutheu alijidai kichwa kinamuuma, akabaki. Alishusha kitete, akamwaga kunde kwenye ungo, akapepeta majivu yote mpaka zikang'aa. Alivaa mifuko ya unga wa mahindi mikononi badala ya glavu. Akanyunyiza dawa, akatikisa, akazirudisha zote kwenye kitete, akaziba kwa gunzi lile lile. Alifikiri kuandika, kama Musili alivyosema. Lakini angeandikaje kwenye kibuyu ambacho bibi kizee alikipapasa kila jioni, kama anayehesabu kama wajukuu wote wamelala? Wavinya angeuliza maandishi ya nini. Mutheu alikitazama kitete kikining'inia juu ya meko, kile kile, kijivu ndani ya kijivu, akajiambia kwamba mbegu haiguswi mpaka kupanda, na atakayepanda ni yeye. Akajiambia atamweleza siku kunde zitakapoota bila tundu hata moja, na watacheka wote wawili. Usidhani alikuwa na nia mbaya. Alitaka mbegu ipone na nyumba itulie, na alidhani anaweza kuvipata vyote viwili kwa kunyamaza.

Amani ikarudi kweli. Wavinya alipoona kitete hakijahama, alidhani ameshinda, na ushindi ukamlainisha. Alianza hata kuuliza Jumamosi, "Leo huyo mdomo wako anasema nini?" Nzomo aliuliza mara moja, Wavinya akiwa mbali, "Uliweka?" Mutheu akaitikia kwa kichwa. Nzomo hakuuliza zaidi. Alidhani yaliyokuwa ya kusemwa yamesemwa.

Jua la mwaka ule lilikuwa kali. Mpaka Septemba mahindi ya ghalani yalikuwa yamebaki chini ya debe, na sukuma wiki, mashimo au si mashimo, zilikuwa zimesalimu amri. Walikunywa uji asubuhi na jioni wakala kilichopatikana. Mutuku alituma alichoweza. Wavinya alipungua, shanga za shingoni zikamlegea, lakini hakukitaja kitete, na Mutheu alimshukuru Mungu kwa hilo kila usiku.

Oktoba ikaingia bila wingu. Musili akasema mvua itachelewa na itakuwa fupi, kwa hiyo watu wanunue mbegu mpya, zinazokomaa upesi. Mutheu alikuwa ameweka akiba kidogo kwa ajili hiyo. Hakuwa na nia ya kuiacha mbegu ya Wavinya. Alitaka kupanda zote mbili, mstari kwa mstari. Jumamosi akajifunga leso kwenda Katangi.

"Niachie redio," Wavinya alimwambia.

Mutheu aligeuka, akadhani hakusikia vizuri. "Redio?"

"Si umeniambia siku zote nisikize? Leo nitasikiza. Enda."

Mutheu alicheka njiani, peke yake. Aliwaza namna atakavyomsimulia Nzomo. Dukani palikuwa na watu wengi, akakawia, na aliporudi jua lilikuwa limepita utosi. Akiwa bado kwenye kijia alisikia harufu ya isyo, mahindi na kunde zilizochemka pamoja, harufu ambayo boma lao halikuwa nayo kwa miezi. Mate yakamjaa mdomoni. Kisha akajiuliza kunde zimetoka wapi.

Alikimbia.

Wavinya alikuwa ameketi kando ya meko, mgongo ukutani. Kitete kilikuwa sakafuni, kimelala ubavu, gunzi pembeni. Jasho lilimtiririka usoni kama mtu aliyetoka kisimani, na mate yakamchuruzika kidevuni asiyafute. Juu ya kiti kidogo palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine.

"Nimekuwekea," Wavinya alisema. Sauti ilitoka kwa taabu. "Umeshinda, mwana wakwa. Huyo Musili amesema mbegu ya kukaa nyumbani imechoka. Ati mtu aipike, apande mpya. Nikasema sawa. Kila siku mimi ndio nakataa. Wacha leo nikubali." Akavuta pumzi. "Nimeosha maji matatu. Sijui ni nini, tumbo inaniuma."

Mutheu alipiga ukemi uliomtoa Nzomo kitandani kwake, alikolazwa na homa tangu asubuhi. Alimwingiza bibi kizee vidole mdomoni, akamnywesha maji, akamwita mwaitu, mwaitu, mwaitu, huku akimpangusa kwa leso yake mwenyewe. Nzomo alifika akaona sahani, akaona kitete, akamtazama Mutheu.

"Kwani hukumwambia?"

Mutheu aliendelea kumpangusa. Nzomo alitoka mbio kutafuta pikipiki.

Walimweka Wavinya katikati, Mutheu nyuma akimshikilia, na barabara ya vumbi ilikuwa ndefu kuliko siku nyingine yoyote. Alikuwa mwepesi. Mutheu alihisi mbavu zake zikitetemeka kwenye kifua chake, na mate yake ya moto yakimlowesha mkono. Hospitalini kijana aliyevaa koti jeupe alimfungua Wavinya macho kwa kidole, akamulika, akauliza haraka, "Amekula nini?"

"Kunde. Zilikuwa na dawa ya mbegu."

"Dawa gani?"

"Ya kijivu."

"Inaitwaje, mama? Uko na pakiti? Nikijua ni gani, najua nimpatie nini."

Mutheu aliona gunia, mwavuli, kijiko, gazeti lenye habari za mpira. "Haikuwa na jina," alisema.

Kijana yule alijitahidi, hakuna wa kusema hakujitahidi. Alimdunga alichokuwa nacho, akakisia, akapiga simu, akakisia tena. Wavinya alifumba macho kabla ya jua kutua. Neno lake la mwisho lilikuwa swali. Aliuliza kama Mutheu amekula.

Majuto ni mjukuu, wahenga wamesema, lakini hawakusema mjukuu huyo hukaa nyumbani asiondoke. Askari alikuja, akaandika, akafukia mwenyewe chakula kilichobaki mbali na kuku. Walikwenda sokoni kumtafuta mwuzaji, na mahali pake palikuwa na mama anayeuza mitumba. Mutheu alimwambia Mutuku yote, bila kujipunguzia. Mutuku hakumpiga wala hakumfokea. Alisikiliza huku anatazama meko ya mama yake, kisha akauliza, "Alikuwekea sahani?" Alipoambiwa ndiyo, akatoka nje. Baada ya mazishi alirudi Mavoko kabla jamaa hawajatawanyika, na tangu hapo akipiga simu alisema machache.

Mvua ilinyesha siku waliyochimba kaburi. Ilinyesha vizuri, ikatulia, ikanyesha tena, na watu wakasema bibi kizee amewaombea. Mutheu hakupanda kitu. Pakiti ya mbegu mpya ilikaa dirishani ikalowa.

Asubuhi moja alikwenda nyuma ya nyumba kumwaga maji, akaona matawi ya miiba yamelazwa chini kando ya ua, yamepangwa kwa ustadi ili kuku wasipite. Akainama. Chini ya miiba palikuwa na mstari wa kunde uliochipuka, mbichi, ulionyooka. Akaelewa pale pale. Kabla ya kupika, Wavinya alichota konzi moja akaipanda kwenye vumbi. Alikubali kushindwa, lakini hakukubali yote. Mutheu alipiga magoti kwenye tope. Alipapasa mche mmoja baada ya mwingine kwa vidole, kama yule alivyokuwa akipapasa mbegu. Hakuna shimo lililokosa mche. Akalia kwa sauti, na hakujali nani anasikia.

Nzomo alisikia. Alikuja upande wake wa ua, akasimama.

"Zangu za majivu zimeota kidogo tu," alisema. "Nyingi zimeliwa na wadudu." Halafu, taratibu: "Ungeng'oa hizo, Mama Mumo. Hakuna mtu atakula."

Mutheu hakuzing'oa.

Jumamosi iliyofuata aliitoa redio, akaiweka juu ya kinu. Nzomo alikuja na kiti chake, ingawa hakukuwa na chai. Musili alikuwa na furaha. Aliwakumbusha watu shindano la Februari. "Majivu au dawa?" aliuliza. "Tupigieni, wakulima wangu, mtuambie!"

Mutheu alipiga. Alitaka kusema mambo machache, alikuwa ameyapanga usiku kucha: kwamba mtu asinunue unga usio na jina, kwamba mbegu yenye dawa isiwekwe kwenye kitete cha majivu, kwamba mtangazaji akisema mbegu ya nyumbani ipikwe, aulize kwanza imelazwa na nini, na kwamba aliyekula jina lake ni Wavinya. Simu ikaita, ikaita, ikapokelewa.

"Uko hewani, mama! Jina na unapigia kutoka wapi?"

"Naitwa Mutheu. Katangi."

"Katangi, karibu sana! Haya, majivu au dawa?"

"Dawa. Lakini nilitaka—"

"Zimeota?"

Mutheu alitazama upande wa ua. "Zimeota."

"Zote?"

"Zote. Lakini mwaitu ali—"

"Mnasikia, wasikilizaji? Zote! Katangi, pale kwa ukame! Hongera sana mama, mavuno mema. Tuko na mwingine kwa laini, karibu..."

Simu ikakatika. Redio ilikuwa nyuma kidogo ya simu, kwa hiyo Mutheu akajisikia mwenyewe juu ya kinu, akiiambia Ukambani nzima, "Zote." Kisha Musili akacheka kwa furaha. Nzomo aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake.

Mutheu akapiga tena. Laini ilikuwa na shughuli. Akapiga tena, na tena, akiwa amesimama na leso mabegani, mpaka kipindi kikaisha na nyimbo zikaanza.